Bomba na Mfereji: Asili ya Neno na Asili ya Kitu

Utangulizi

Neno bomba ni miongoni mwa maneno ambayo msemaji wa Kiswahili huyatamka kila siku pasi na kuyafikiri. Asubuhi bomba hufunguliwa, usiku hufungwa. Likivuja huitwa fundi bomba. Likikauka, mtaa mzima huhamia penye kisima. Hata hivyo, neno hili likiwekwa mbele ya wasemaji wa miji mbalimbali, hudhihirika kwamba halina maana moja. Kwa msemaji wa Dar es Salaam, bomba ni kile kifaa cha kufungulia maji, na pia ni ule mwanzi wa chuma au wa plastiki upitishao maji hayo. Kwa msemaji wa Mombasa na wa sehemu nyingi za Kenya, kile kifaa cha kufungulia ni mfereji, na bomba ni mwanzi wenyewe. Watungaji wa kamusi nao huongeza neno la tatu, bilula, ambalo aghalabu husomwa zaidi kuliko linavyosemwa.

Tofauti hii imezaa matatizo mawili. La kwanza ni la darasani, ambako mwanafunzi aliyelelewa kwa neno moja huweza kuhesabiwa kuwa amekosa mbele ya mwalimu aliyelelewa kwa jingine. La pili ni la historia. Kwa kuwa bomba ni neno lenye asili ya Kireno, hudhaniwa upesi kwamba Wareno ndio waliowafundisha watu wa pwani namna ya kuyaongoza maji hadi majumbani. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba matatizo hayo mawili yana chanzo kimoja, nacho ni kuchanganya asili ya neno na asili ya kitu. Neno bomba halikuja pwani pamoja na maji ya nyumbani. Lilikuja na kitu kingine kabisa, likahama mara tatu kabla ya kufika jikoni, na kila lilipohama liliongozwa na wasemaji wenyewe wa Kiswahili.

Maji ya pwani kabla ya bomba

Haina budi kuanza na hali ya mambo kabla ya mwaka 1498, Vasco da Gama alipofika Mombasa na Malindi. Miji ya Waswahili ilikuwa na ustadi wake wa maji tangu zamani. Katika jumba la Husuni Kubwa, Kilwa, lililojengwa katika karne ya 14, limo birika la kuogea lenye pembe nane. Katika magofu ya Gedi vimeonekana visima, vyoo na njia za kutolea maji machafu. Misikiti mingi ya kale ilikuwa na birika la kutawadhia, ambalo lilijazwa kutoka kisima kilicho karibu. Katika nyumba za mawe za Lamu, birika la chooni lilifugwa samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu, na maji yakachotwa kwa kata.

Ustadi huo ulikuwa na msamiati uliokamilika. Kisima ni neno la Kibantu, na lina jamaa zake katika lugha nyingi za bara. Birika limetoka katika Kiarabu, ambamo lina maana ya bwawa au hodhi. Mtungi, kata, mchirizi na mfereji yalitosheleza haja ya kuweka maji, kuyachota na kuyaongoza. Mreno alipoijenga Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1593, naye alitegemea kisima na hodhi la maji ya mvua kama walivyofanya majirani zake. Hakuwa na maji ya mwanzi ya kumwonyesha mtu yeyote. Kwa hiyo, katika nyumba na mji, hapakuwa na pengo la msamiati ambalo neno la Kireno lingeliziba.

Pengo lilikuwako mahali pengine, nalo lilikuwa baharini.

Neno la merikebuni

Kila chombo cha mbao huvuja. Katika jahazi na mtepe, maji yaliyoingia yalikusanyika katika ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ya chombo, na mabaharia wakayakumba kwa upo na kuyamwaga nje. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu chombo hakikuwa na kina kirefu: mtu aliyesimama chini humpokeza aliye juu. Merikebu za Wareno zilikuwa za namna nyingine. Zilikuwa na sitaha juu ya sitaha, na safari ya kutoka Lisbon hadi India ilichukua yapata nusu mwaka. Maji ya chini hayakuweza kufikiwa kwa upo. Yalivutwa kwa chombo ambacho Wareno walikiita bomba.

Chombo hicho kilikuwa gogo refu lililotobolewa katikati kutoka ncha hadi ncha, likasimamishwa kuanzia ngama hadi sitaha ya juu. Ndani yake mlipita ufito wenye kizibo cha ngozi, na mpini uliotiwa juu ukashushwa na kupandishwa kwa mikono. Kizibo kilipopanda, maji yalipanda nacho. Kiliposhuka, kilango cha ngozi kiliyazuia yasirudi. Merikebu ilipopigwa na dhoruba, uhai wa wote waliomo ulitegemea gogo hilo. Lugha za Ulaya zenye pwani zina majina yanayofanana ya kifaa hicho: bomba katika Kireno na Kihispania, pompe katika Kifaransa, pomp katika Kiholanzi. Katika Kiingereza pia, jina hilo lilipoanza kuandikwa katika karne ya 15, lilihusu pampu ya merikebu. Ni dhahiri kwamba lilikuwa neno la mabaharia kabla ya kuwa neno la mafundi wa nchi kavu.

Ndipo inapofahamika kwa nini Kiswahili kililipokea. Maneno ya Kireno yaliyobaki katika Kiswahili si mengi, lakini yana makundi yanayoeleweka. Yapo ya vyombo na nguo za nyumbani, kama meza, leso na foronya. Yapo ya starehe, kama karata na mvinyo. Na yapo ya baharini na ya dola, kama bendera na roda, ambalo ni gurudumu la kapi. Bomba lina haki ya kuwekwa pamoja na roda. Yote mawili ni majina ya vyombo vya merikebu ambavyo baharia wa pwani aliviona, akavishika kwa mikono, na pengine akalazimishwa kuvitumia, bila ya kuwa na jina lake mwenyewe la kuviita.

Ushahidi wa nje unaunga mkono maelezo haya. Neno hilo hilo lilienea katika Bahari ya Hindi yote kwa njia ya merikebu hizo. Sebastião Rodolfo Dalgado, mwanazuoni wa Goa aliyechapisha mwaka 1913 utafiti wake juu ya maneno ya Kireno katika lugha za Asia, alilikuta katika lugha nyingi za India na za mashariki yake. Katika Kihindi ni bamba, na katika Kigujarati ni bambo. Katika Kimalei ni bomba, na hadi leo idara ya zimamoto ya Malaysia huitwa kwa neno hilo, kwa sababu kikosi cha zimamoto hujulikana kwa pampu yake. Kila mahali mzizi ni pampu, kisha kila lugha imelivuta neno upande wake.

Irabu ya silabi ya kwanza ina mambo ya kufundisha. Kwa kuwa mafundi wengi wa mabati na mabomba katika miji ya Afrika Mashariki walikuwa Wahindi, huweza kudhaniwa kwamba neno hili limepita India kabla ya kufika Unguja na Mombasa. Lakini Kihindi na Kigujarati vina a pale ambapo Kireno kina o. Kama neno lingalipita huko, lingalitarajiwa kufika likiwa na sauti ya bamba, na Kiswahili tayari kilikuwa na bamba lake lenye maana ya kipande bapa cha madini. Kiswahili kimeihifadhi o ya Kireno. Sauti hii yathibitisha chimbuko, ingawa haithibitishi tarehe, kwani Wareno walipoondolewa Mombasa mwaka 1698 hawakuondoka katika bahari hii. Walibaki Msumbiji hadi mwaka 1975, na vyombo vya Waswahili havikuacha kwenda huko.

Kutoka pampu hadi mwanzi

Katika Kireno bomba ni pampu hadi leo. Mwanzi wa maji una jina lake, cano, na kifaa cha kufungulia maji huitwa torneira. Kuhama kwa maana, basi, hakukufanywa na Wareno. Kulifanyika ndani ya Kiswahili, na sababu yake yaonekana katika umbo la kitu chenyewe.

Mtu asimamaye juu ya sitaha haoni kizibo cha ngozi wala kilango chake. Aonacho ni gogo lenye uwazi ndani, lililosimama wima, likitoa maji. Kiswahili kina mazoea ya kale ya kutaja kitu kwa uwazi wake wa ndani. Mzinga wa nyuki ni gogo lililotobolewa. Wareno walipoleta silaha yao ya shaba yenye mdomo, haikuitwa kwa jina la Kireno bali iliitwa mzinga. Mwanzi ni mmea wenye uwazi ndani, na kwa sababu hiyo filimbi, mtutu na njia ya maji vyote vimepata kuitwa mwanzi. Bomba lilipoingia katika jamii hii ya maneno, lilianza kufuata desturi yake. Msemaji aliacha kuangalia kazi ya kuvuta, akaangalia umbo la kupitisha.

Hatua hii ilithibitishwa na meli. Mwaka 1872 kampuni ya British India ilianzisha safari za kila mwezi za kuleta barua Unguja kwa vyombo vya moshi, na ndiyo sababu vyombo hivyo viliitwa meli, kutokana na neno la Kiingereza la barua. Juu ya meli palisimama kitu kikubwa, cheusi, chenye uwazi ndani, kikitoa moshi. Nyumba za pwani hazikuwa na kitu cha namna hiyo, kwani moshi wa jikoni ulipita ua na paa. Kiarabu kilitoa dohani, linalotokana na neno la moshi; wasemaji wengine wakaita bomba la moshi. Hapa hapana kuvuta wala kusukuma. Iliyobaki ni ile nguzo ya wazi iliyosimama juu ya sitaha, pale pale lilipokuwa limesimama bomba la kwanza. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 yataja asili ya Kireno ya neno hili, na yaiweka maana ya pampu pamoja na zile za dohani na mwanzi. Mpangilio huo wa maana ni historia nzima kwa muhtasari.

Wakati huo huo maji yenyewe yalianza kupita katika mianzi ya chuma. Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia mwaka 1870 hadi 1888 na ambaye kabla ya hapo alikuwa ameishi Bombay uhamishoni, aliwaletea watu wa mji maji safi kutoka chemchemi zilizo kaskazini ya mji. Mwanzi huo ulipolazwa ardhini ulikuta jina liko tayari. Wasemaji walikuwa wamekwisha kulizoea bomba kuwa ni kitu kirefu chenye uwazi, na hapakuwa na haja ya kuunda jingine. Maji yakawa maji ya bomba, tofauti na maji ya kisima na maji ya mvua.

Hatua ya mwisho ni fupi. Mwanzi ulio chini ya ardhi hauonekani. Huonekana mdomo wake tu, pale panapokingwa ndoo. Jina la kizima likahamia kwenye ncha yake, na bomba likawa kile kifungulio cha maji. Mahali hapo ndipo walipokutana wachukuzi wa maji wenye mizegazega na madebe mawili mawili, na akina mama wenye mitungi. Kwa mtu aliyepanga foleni, bomba lilikuwa ni mahali, si mtambo.

Lugha nyingine zathibitisha kwamba mwendo wa namna hii si wa ajabu. Katika Kimalagasi, paompy, lililotokana na pampu ya Kifaransa, hutumika pia kwa maji ya kufunguliwa. Kifaransa chenyewe huita kifungulio cha maji robinet, kutokana na Robin, jina la utani la kondoo katika zama za kati, kwa sababu midomo ya mifereji ya zamani ilichongwa mfano wa kichwa cha kondoo dume. Waswahili wa Kongo, walioupata mfumo huu katika utawala wa Wabelgiji, husema robine, na hivyo kila siku humfungua kondoo mdogo bila ya kujua. Mjerumani humfungua jogoo, kwani Hahn ndiyo maana yake. Mwingereza humwita fundi wa kazi hii kwa jina la Kilatini la risasi, madini ambayo fundi wa leo haruhusiwi kuyatumia katika maji ya kunywa. Hakuna katika majina haya hata moja linaloeleza kitu kilivyo leo.

Pengo lililoachwa nyuma

Neno linapohama huacha nyumba tupu. Bomba lilipokwisha kuwa mwanzi na kifungulio, mtambo wa kuvuta maji ulibaki na jina lenye utata. Kiswahili kilirudi baharini mara ya pili, safari hii kwa Mwingereza, kikachukua pampu. Hivyo jina moja la mabaharia wa Ulaya limeingia katika Kiswahili mara mbili kwa milango miwili, na leo maumbo yake mawili husimama katika sentensi moja: pampu husukuma maji katika bomba. Mreno angeshangazwa na sentensi hiyo.

Jambo kama hilo lilitukia katika silaha. Katika Kireno, bomba ni pampu na pia ni kile kitu cha kulipuka. Kiswahili hakikuichukua maana hiyo ya pili. Kililijua kombora kwa njia nyingine, na baadaye kikapokea bomu kutoka Kiingereza. Yaonekana tena kwamba mpokeaji alichagua.

Maana ya kwanza haikufa kabisa. Bomba la sindano la mganga wa hospitali huvuta na kusukuma kwa kizibo kile kile cha merikebu. Kwa upande mwingine, maana ya mwanzi imekua kupita kiasi. Bomba la mafuta lililofunguliwa mwaka 1968 kati ya Dar es Salaam na Ndola lina urefu wa kilomita 1,710. Gogo la sitahani limenyooka hadi Zambia.

Mfereji wa Mombasa

Yafaa sasa kulitazama neno la upande wa kaskazini. Mfereji kwa asili ni njia ya maji iliyochimbwa ardhini na kuachwa wazi: ya kutolea maji ya mvua mjini, au ya kunyweshea shamba. Maana hiyo inaishi bado kila mahali Kiswahili kisemwapo. Lakini katika Mombasa na bara ya Kenya, mfereji umekuwa pia jina la kifungulio cha maji, na maji ya mfereji ndiyo yale yaitwayo Unguja maji ya bomba.

Njia iliyofuatwa ni nyingine, lakini mantiki ni ile ile. Msemaji wa Unguja alianza na umbo la kitu, nguzo yenye uwazi. Msemaji wa Mombasa alianza na mwendo wa maji. Maji ya Marere katika vilima vya Shimba, na baadaye, katika miaka ya 1950, maji ya chemchemi za Mzima yaliyosafiri zaidi ya kilomita 200 kutoka Tsavo, yalikuwa maji yaliyoongozwa. Kuongoza maji ndiyo kazi ya mfereji tangu zamani. Kwamba mfereji huu umefunikwa na ni wa chuma halikuwa jambo la kubadilishia jina. Kisha jina likahama kutoka njia hadi mdomo wake, sawasawa na lilivyohama bomba.

Lawama kwamba mfereji lina utata, kwa kuwa ni shimo refu na pia ni kifungulio, ni ya kweli. Mtu akisema mfereji umeziba, msikilizaji huhitaji kujua kama asemaye yuko jikoni au barabarani. Lakini lawama hiyo haiachi bomba salama. Mtu akisema bomba limepasuka, haijulikani kama ni kifungulio ama ni mwanzi ulio chini ya barabara, na gharama za matengenezo hazilingani hata kidogo. Kila neno lina utata wake, na kila jamii ya wasemaji imezoea kuutatua wa kwake.

Kwa nini basi moja lilihesabiwa kuwa sanifu na jingine likahesabiwa kuwa la mahali? Jibu halimo katika maneno yenyewe. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilifanya kazi yake juu ya msingi wa Kiunguja, na kamusi ya mwaka 1939 ilitoka katika kazi hiyo. Bomba lilikuwa neno la Unguja. Lingalichaguliwa Kimvita, kama walivyopendelea wengine wakati ule, huenda leo mwanafunzi wa Dar es Salaam ndiye angalisahihishwa kwa wino mwekundu.

Hitimisho

Mambo matatu yafuata kutokana na uchunguzi huu. Kwanza, asili ya Kireno ya bomba haiwapi Wareno sifa ya maji ya nyumbani. Walileta pampu ya merikebu. Kuyasema mengine ni sawa na kusema kwamba Wareno walisali gerezani, kwa kuwa gereza limetokana na igreja, yaani kanisa. Neno hilo nalo lilihama pamoja na jengo: kanisa lilikuwa ndani ya ngome, na ngome ya Mombasa ikawa kifungo kuanzia mwaka 1895 hadi 1958.

Pili, mtunga kamusi anayeandika kwamba bomba ni neno la Kireno na kuishia hapo, amesema nusu ya jambo. Sauti ni za Kireno. Maana ni za Kiswahili. Inapasa maana zipangwe kwa utaratibu wa kuzaliwa kwake: pampu, dohani, mwanzi, kifungulio. Msomaji aonaye mpangilio huo huelewa kwa nini neno moja laweza kuhusu meli, sindano, mafuta na jikoni.

Tatu, mwalimu anayempa mwanafunzi alama ya kosa kwa kuandika mfereji, au kwa kuandika bomba, hana hoja ya isimu wala ya historia. Maneno yote mawili yamezaliwa kwa njia moja, na yote mawili ni kazi ya watu walioyakinga maji hayo kwa mikono yao. Usanifu wa lugha wahitaji maelewano, na maelewano yanapatikana kwa kuyafundisha yote mawili, na kueleza lipi husemwa wapi. Pwani hii imepokea maneno kutoka kila upande wa bahari pasi na kupungukiwa na chochote. Haiwezi kushindwa kuyapokea mawili yake yenyewe.